Little Moreton Hall: jumba limepinda karne tano na halianguki. Kosa ni la maji, la mti au la paa?

#1 Nyamizi
Wakuu, salaam. Nina hoja, naomba wenye ujuzi wa ujenzi na historia waje.

Kule Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilomita saba hivi kutoka mji wa Congleton, lipo jumba la kale la miti liitwalo Little Moreton Hall. Lilijengwa na ukoo wa Moreton, watu wa mashamba makubwa. Ukumbi mkuu ni wa kati ya 1504 na 1508, na waliofuata wakaendelea kuongeza vyumba hadi karibu 1610. Limezungukwa na handaki la maji pande zote. Ukisimama upande wa kusini, penye lango, unaona ghorofa zimepandiana, ya juu imetokeza mbele kuliko ya chini yake, na hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Boriti zimeinama, madirisha yamekaa mshazari, sakafu ya juu kabisa inapanda na kushuka.

Ninavyoona mimi, chanzo ni udongo. Ukijenga kwenye ardhi oevu halafu ukaizungushia maji, msingi lazima utitie. Limepinda kwa sababu ya maji, na limesimama kwa sababu ya mti wa mwaloni. Nipingeni.

#2 Kijiti
Nimeweka kambi. Picha tafadhali.

#3 Fundi Kombamoyo
Nyamizi, maji si mshtakiwa wa kwanza. Inua macho.

Hiyo ghorofa ya juu kabisa upande wa kusini ni ukumbi mmoja mrefu, kama mita 20, mwembamba, umejaa madirisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu yake kuna paa la mabamba ya mawe. Sio vigae vya udongo, ni mawe hasa, yaliyopasuliwa bapa. Zigo lote hilo linashuka kwenye fremu ya miti. Wengi waliolichunguza jumba wanaona kwamba ukumbi ule uliongezwa kwenye mpango kazi ikiwa imeshaanza, kwa hiyo fremu ya chini haikuandaliwa kubeba uzito huo.

Aliyewahi kupaua anajua paa zito linafanya nini. Halishuki tu, linasukuma. Miguu ya kenchi inataka kutawanyika na kuta zinafunguka kwa nje. Ndiyo maana baadaye, inadhaniwa ni karne ya 17, ziliwekwa boriti za kukingama ndani ya ukumbi ule ili pande mbili zishikane. Na mwishoni mwa karne ya 19 wakaongeza vyuma. Mtu hafungi nyumba kwa vyuma kama tatizo liko kwenye msingi.

#4 Nyamizi
Fundi, shukran. Lakini ukumbi mkuu hauna ghorofa ya tatu juu yake, nao pia hauna timazi. Hapo paa linahusikaje?

#5 Seremala wa Tanga
Jibu la #4 ni mti wenyewe. Mwaloni unafanyiwa kazi ukiwa mbichi. Ukikauka unakuwa mgumu kiasi kwamba kwa shoka na patasi za karne ya 16 hauchongeki kwa urahisi. Kwa hiyo mafundi walikata, wakachonga, wakasimamisha nyumba mti ukiwa bado na maji yake, na ukakaukia palepale ukutani.

Mti ukikauka hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa unene. Tena hausinyai sawasawa pande zote, hivyo unajikunja. Nguzo moja inageuka kidogo kushoto, mwenzake kulia, boriti inapinda mgongo. Ikiwa kila kiungo kimefungwa kwa ulimi na tundu, wote wanavutana. Hiyo nyumba ilianza kupinda mafundi wakiwa bado wanakunywa pombe ya kumaliza kazi.

Na humo humo mna siri ya kusimama. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa kwa makusudi lisilingane sawasawa na tundu la kwenye nguzo. Ukigonga kigingi cha mti kinaingia kwa nguvu na kuvuta ulimi ndani. Mti unavyokauka kiungo kinazidi kubana. Hakuna haja ya msumari.

#6 Kijiti
Mafundi wawili, majibu mawili. Nilijua tu!

#7 Mwalimu wa Zamani
Naomba kurekebisha jambo katika #1. Handaki halikuchimbwa kwa ajili ya jumba hili. Linadhaniwa kuwa la karne ya 13 au 14, enzi za nyumba iliyotangulia. Upana wake ni mita 10 hivi. Kama ni hivyo, William Moreton alipoanza kujenga, udongo ulikuwa umekaa na maji yake kwa zaidi ya miaka mia. Hii inapunguza nguvu ya hoja ya kutitia.

Pia msiwadhanie kuwa makabaila wakubwa. Moreton hawakuwa na cheo cha ulodi. Walikuwa matajiri wa kijimbo waliopanda kwa ardhi. Tauni kubwa ya 1348 ilipoua watu wengi, ardhi ikakosa wenyewe, nao wakanunua. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa katika miaka ya 1530, wakanunua tena. Katikati ya karne ya 16 walikuwa na ekari 1,360, kinu cha kusagia nafaka na karakana ya kufua chuma yenye nyundo zinazoendeshwa kwa maji. Mtu wa namna hiyo hajengi kama mfalme, anajenga ili majirani waone. Na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo upindaji wote: tamaa ya kuongeza kila kizazi chumba chake bila mchoro mmoja wa jumla.

#8 Bin Lamu
Mwalimu #7 nakuunga mkono kuhusu kuongeza chumba baada ya chumba, lakini huo si ufundi mbaya. Kwetu Lamu nyumba za mawe zinakua vivyo hivyo. Upana wa chumba unaamuliwa na boriti ya mkoko, haivuki mita tatu hivi, kwa hiyo ukitaka nafasi zaidi unaongeza chumba kingine kirefu chembamba sambamba na cha kwanza. Nimeangalia ramani ya hilo jumba la Cheshire: vyumba vingi vyembamba, mstari mmoja wa vyumba ukizunguka ua. Nao pia waliamuliwa na urefu wa gogo lililopatikana.

#9 Seremala wa Tanga
Bin Lamu, umenena. Ila mwaloni unatoa boriti ndefu kuliko mkoko, na ukipata mti uliopinda kiasili unaupasua katikati na kupata mikono miwili inayofanana. Ile mikono ya upinde inayobeba paa la ukumbi mkuu hupatikana hivyo. Kwa hiyo Nyamizi, baadhi ya vitu unavyoviona vimepinda vilichaguliwa vikiwa vimepinda!

#10 Dereva wa Ziwani
Nilisikia kwamba nyumba hizi za zamani za Uingereza zilijengwa kwa mbao za meli zilizovunjwa. Ndiyo maana zina mapindo, mbavu za meli hizo. Utaona hata matundu yasiyo na kazi kwenye boriti.

#11 Fundi Kombamoyo
Dereva, hiyo hadithi unaambiwa karibu katika kila kijiji cha Uingereza na mara nyingi haina ushahidi. Tazama ramani. Cheshire ile iko bara. Nani akokote mbao za meli kutoka pwani ilhali misitu ya mwaloni iko jirani? Matundu matupu kwenye boriti kwa kawaida maana yake ni kwamba boriti imetoka kwenye nyumba nyingine iliyobomolewa, au kulikuwa na ukuta hapo ukaondolewa.

Kazi yao ilikuwa hivi: fremu nzima inalazwa chini uwanjani, inachongwa na kujaribiwa, kila kiungo kinawekewa alama kwa namba za Kirumi, kisha inafunguliwa, inapelekwa kwenye kiwanja na kusimamishwa. Alama hizo za mafundi ndizo watu wanazozidhania kuwa alama za meli.

#12 Dereva wa Ziwani
Sawa fundi. Basi nitawaachia mbao, niulize kuhusu choo. Kuna mtu aliniambia choo kinatoka moja kwa moja kwenye handaki?

#13 Nyamizi
Ndiyo, ni kweli. Upande wa kusini kuna sehemu ya vyoo, ghorofa mbili, na chini yake ni maji ya handaki.

#14 Kijiti
Na samaki walikuwa wanafugwa humo humo? Mwalimu aje haraka, hatuwezi kulala na swali hili.

#15 Mwalimu wa Zamani
Kijiti, mahandaki mengi ya Kiingereza yalifugiwa samaki, hilo linajulikana. Watu hawakuwa wajinga, ila pia hawakuwa na elimu ya vijidudu.

Kuhusu kazi ya handaki, wengine wanasema ulinzi. Mimi sikubali. Jumba lina madirisha makubwa hadi chini, kuta za fito zilizokandikwa, na halina dalili ya ngome. Adui mwenye jiwe moja ameshaingia. Handaki lilikuwa heshima, sawa na kusema "mimi ni mwenye mali".

#16 Bi Tausi
Wanangu, mnazungumza mbao na mawe tu, mmeacha kilicho kizuri kuliko vyote. Nimeishi Uingereza muda mrefu na jumba hili nalipenda kwa moyo wote, kwa hiyo nisikilizeni.

Ingieni uani. Kuna madirisha mawili makubwa yaliyotokeza, yanakaribia kugusana. Juu yake pamechongwa kwamba William Moreton, wa pili kwa jina hilo, aliyafanya mwaka 1559. Mbele kidogo pamechongwa jina la fundi: Richard Dale, seremala, aliyeyatengeneza kwa neema ya Mungu. Seremala wa karne ya 16, tena kijijini, jina lake kwenye ukuta wa tajiri! Matajiri wangapi wa leo wanaandika jina la fundi wao? Mimi nikifika pale nasoma jina hilo kwanza.

Halafu pandeni kwenye ukumbi mrefu mnaoulaumu kwa uzito. Kwenye ukuta wa mwisho mmoja kuna sanamu ya lipu ya mwanamke mwenye gurudumu, ndiye Bahati, na maandishi yanasema utawala wake ni ujinga. Mwisho wa pili yuko Majaliwa mwenye tufe, na utawala wake ni maarifa. Watu walitembea kati ya hao wawili siku za mvua, kunyoosha miguu. Mipira ya tenisi ya kale ilikutwa nyuma ya mbao za ukuta. Kwa hiyo walicheza pia.

Mimi sioni jumba lililoharibika. Naona jumba lililotumika.

#17 Mwalimu wa Zamani
Bi Tausi, shikamoo. Naongezea kwenye hizo sanamu: picha hiyo imetoka kwenye kitabu cha elimu ya nyota cha Robert Recorde cha mwaka 1556. Huyo Recorde ni Mwelshi, na ndiye aliyetuletea alama ya sawasawa (=) mwaka 1557. Maana yake jumba hili la bara kabisa lilikuwa linasoma vitabu vipya vya wakati wake. Najivunia kuwaambia hili wanafunzi wangu wa hesabu.

#18 Bi Tausi
Marahaba Mwalimu. Na mwaka 1976 wakabandua mbao za chumba kimoja wakakuta michoro ya Susana na wale wazee wawili, ile hadithi ya Danieli sura ya 13 kwa wanaotumia Biblia ya Kikatoliki. Ilikuwa imefichwa hapo nyuma ya mbao.

#19 Mkulima_Njombe
Nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Pesa ilitoka wapi? Majumba ya Waingereza tunaonyeshwa uzuri wake, lakini mengi yalijengwa kwa jasho la watumwa. Tusisifie mwaloni tukasahau watu.

#20 Mwalimu wa Zamani
Swali la haki kabisa. Mwaka 2020 National Trust, shirika linalomiliki jumba hili, lilitoa ripoti ya mali zake zenye uhusiano na utumwa na ukoloni, na ilitaja maeneo 93. Lakini angalia tarehe za jumba letu. Ukumbi mkuu ulikuwa umeshajengwa mapema miaka ya 1500. Safari ya kwanza ya John Hawkins kubeba watumwa kutoka Afrika Magharibi ilikuwa 1562. Pesa ya mwanzo ya Moreton ilikuwa ardhi, kinu, chuma, na wakulima wapangaji wa Kiingereza waliowalipa kodi. Jasho lilikuwepo, ila la watu wengine.

Ukitaka jumba la mtindo uleule lenye historia unayoisema, nenda Speke Hall, karibu na Liverpool. Nalo ni la miti, la karne ya 16, la ukoo wa Norris. Mwaka 1795 lilinunuliwa na Richard Watt, mfanyabiashara aliyetajirika Jamaica, na mali hiyo ilitoka kwenye mashamba ya watumwa.

#21 Dereva wa Ziwani
Speke! Yule aliyekuja ziwani kwetu Mwanza mwaka 1858? Kumbe kwao ndiyo huko?

#22 Mwalimu wa Zamani
Hapana, Dereva. John Hanning Speke alitoka Somerset, kusini-magharibi. Jumba lina jina la kijiji kilichopo kando ya mto Mersey. Usije ukawaambia abiria wako!

#23 Mkulima_Njombe
Nimeridhika na tarehe, mwalimu. Sijaridhika na wakulima wapangaji. Nyumba ya mpangaji wa ekari zile iko wapi leo? Imebaki ya bwana peke yake.

#24 Chokaa
Mkulima #23, hapo umegusa pazuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wapangaji ndio waliolibakiza jumba.

Moreton walisimama na mfalme kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1643 upande wa Bunge ukalitwaa jumba na kuwalaza askari humo. Ukoo ukatoka na madeni. Kabla karne ya 17 haijaisha wenyewe wamehama, jumba limepangishwa kwa wakulima. Karne mbili nzima watu wa kukamua ng'ombe wanaishi humo. Kanisa dogo likawa stoo ya makaa. Madirisha ya ukumbi mrefu yakazibwa.

Laiti wangekuwa na pesa, katika karne ya 18 wangebomoa yote na kujenga jumba la tofali lenye nguzo za Kirumi kama walivyofanya matajiri wenzao. Ufukara wa mwenye nyumba ndio uliolinda nyumba. Nyamizi anasema limesimama kwa sababu ya mwaloni. Mimi nasema limesimama kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kulibomoa.

#25 Zuhura85
Madirisha yalizibwa kwa ajili ya kodi ya madirisha, si ufukara. Kodi hiyo ilianza 1696 ikafutwa 1851.

#26 Chokaa
Zuhura, kodi ilikuwepo kweli na tarehe zako ni sahihi. Lakini mpangaji asiyetumia ghorofa ya juu, paa linavuja, ataziba hata bila kodi. Yote mawili yanawezekana.

#27 Fundi Kombamoyo
Chokaa, ufukara haushikilii boriti. Nimeona nyumba nyingi za mafukara chini.

#28 Bi Tausi
Na mnamsahau mwanamke. Elizabeth Moreton, mtawa wa Kianglikana, alirithi jumba likiwa katika hali hiyo anayoisema Chokaa. Ndiye aliyelirudisha kanisa dogo kuwa mahali pa sala, na huenda ndiye aliyeweka vile vyuma vya ukumbi mrefu alivyovitaja fundi #3. Alifariki 1912, akamwachia binamu yake, Askofu Charles Abraham, ambaye alilikabidhi National Trust mwaka 1938. Mafundi mnasema mti, paa, udongo. Mimi nasema jumba limesimama kwa sababu mtu mmoja alilijali kabla halijawahiwa na mvua.

#29 Bin Lamu
Bi Tausi, nakupa mkono. Zanzibar tulikuwa na Beit al-Ajaib, la 1883, jumba la Sultani Barghash, jengo imara kuliko hilo la fito. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wakafa. Jengo likikosa mtu wa kuliangalia kila mwaka, haijalishi ni la mawe au la mwaloni. Mimi nililia siku ile.

#30 Kijiti
Pole Bin Lamu. Wote tuliumia.

#31 Zuhura85
Turudi Cheshire. Hakuna aliyesema kuhusu rangi. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, kama punda milia. Tangu 1504?

#32 Seremala wa Tanga
Hapana. Huo weusi wa lami na weupe mkali kwenye nyumba za miti ni mapenzi ya enzi za Malkia Victoria zaidi. Mwaloni uliachwa bila rangi ukawa wa kijivu cha fedha. Na kupaka lami si jambo jema siku zote, maana unyevu ukishaingia kwenye nyufa hautoki, mti unaoza kwa ndani. Kwa hiyo ongezeni mshtakiwa wa nne: mpaka rangi.

#33 Mkulima_Njombe
Washtakiwa wanazidi mashahidi sasa. Maji, paa, mti mbichi, lami, na tamaa ya mwalimu #7.

#34 Nyamizi
Nimewasoma wote. Fundi #3 amenisogeza, lakini sijaachia maji. Upande wa kusini ndio ulio karibu kabisa na handaki, na ndio huohuo wenye paa zito. Mtawatenganishaje hao wawili?

#35 Chokaa
Swali zuri. Ukirudi huko, tazama milango, usitazame kuta. Mlango ambao ubao wake umekatwa mshazari tangu mwanzo uwezekane kufunga kwenye fremu iliyolala, maana yake ukuta ulishapinda mlango ulipowekwa. Mlango wa pembe nne sawasawa uliobanwa na kuparuzwa juu, maana yake ukuta umepinda baadaye. Ukijua umri wa mlango umejua kupinda kulianza lini. Kama ni mapema, mti mbichi. Kama ni pole pole hadi juzi, udongo.

#36 Fundi Kombamoyo
Au paa. Paa nalo husukuma pole pole. Halafu wapangaji wa miaka mia mbili unadhani hawakubadilisha milango?

#37 Chokaa
Ndiyo maana nikasema umri wa mlango, fundi. Bawaba na misumari vinasema. Nyamizi, piga picha za bawaba.